Omena, magadi na mchele wa Ahero: Kisumu ina kila sababu ya kula tambi vizuri

Mtu akiingia supamaketi yoyote katikati ya Kisumu na kuulizia tambi za Asia, ataelekezwa kwenye rafu ya pakiti zinazoiva kwa dakika tatu. Hakuna asiyezijua. Wanafunzi huzila mwezi unapoelekea ukingoni, wazazi huzipika alfajiri basi la shule likikaribia, na wenye vibanda vya usiku huzikaanga pamoja na yai, hoho na kitunguu. Kwa wengi wetu huo ndio mwanzo na mwisho wa habari ya tambi: chakula cha haraka, cha bei nafuu, cha watoto, kisicho na heshima ya kuwekwa mbele ya mgeni. Nadhani hukumu hiyo imetolewa mapema mno. Tambi za Asia ni nyingi ajabu, na hutofautiana kwa unga na kwa supu zaidi ya zinavyotofautiana kwa jina la nchi. Anayezipima kwa mambo hayo mawili atagundua kwamba ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya una karibu kila kinachotakiwa ili kuzipata, kuzipika na kuzifurahia, na kwamba vitu hivyo viko zaidi katika soko la Kibuye na mashamba ya Ahero kuliko kwenye rafu ile ya pakiti.

Tuanze na pakiti yenyewe, maana haistahili matusi inayotupiwa. Ilibuniwa mwaka 1958 na Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan aliyehamia Japani, baada ya miaka ya njaa iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Ando alitafuta njia ya kuhifadhi tambi zilizokwisha kupikwa, akaipata katika mafuta ya moto. Tambi zikikaangwa, maji yaliyomo hutoka kwa kishindo na kuacha vitundu vidogo sana. Ukizimwagia maji ya moto baadaye, maji hupenya kwenye vitundu hivyo na tambi hurudia ulaini wake. Ni ufundi wa hali ya juu. Indonesia ilianza kutengeneza Indomie mwaka 1972, Nigeria ikawa na kiwanda chake cha Indomie mwaka 1995, na leo pakiti hiyo ni sehemu ya maisha ya Afrika nzima. Kasoro yake iko palepale kwenye ubunifu wake: ni tambi iliyokaangwa, kwa hiyo ina mafuta mengi kabla hujaongeza tone lako, na ule unga wa ladha una chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Ukigeuza pakiti na kusoma nyuma utaona mara nyingi kwamba unga wa ladha peke yake umemeza theluthi moja au hata nusu ya kiwango hicho. Pakiti moja, basi, ni aina moja ya tambi, iliyoundwa kwa ajili ya shida fulani. Kuitumia kuhukumu nyingine zote ni sawa na kumhukumu samaki kwa kopo la dagaa.

Ushahidi wa zamani kuliko wote unatoka Lajia, kaskazini magharibi mwa China. Mwaka 2005 watafiti walitangaza katika jarida la Nature kwamba walikuwa wamefukua bakuli lililofunikwa kifudifudi na udongo wa mafuriko, na ndani yake mlikuwa na nyuzi nyembamba za manjano zilizokaa humo miaka ipatayo 4,000. Uchunguzi ulionyesha kwamba zilitokana na nafaka ndogondogo za jamii ya uwele na ulezi, wala hazikuwa za ngano. Wataalamu wengine walibisha, wakisema unga wa nafaka hizo hauna mnato wa kuvutika kwa mikono, na mjadala ukaelekea kwenye uwezekano kwamba nyuzi hizo zilisukumwa kupitia matundu hadi kwenye maji yanayochemka. Ubishi huo una faida kwetu, kwa sababu unagusa kiini cha jambo lenyewe. Ngano ina gluteni, ndiyo maana unga wake huvutika, na wapishi wa Lanzhou wanaweza kulirusha na kulikunja donge moja hadi likawa nyuzi mamia. Mchele, mtama, muhogo na ndengu havina gluteni. Kwa hiyo watu wa Asia walibuni njia nyingine: kusaga mchele ukiwa umelowa na kuupika kwa mvuke kama karatasi kisha kuukata, au kuusukuma kwenye kibati chenye matundu. Wavietinamu na Wathai wana tambi za mchele za kila upana. Wachina wana tambi zinazong'aa kama kioo, zitokanazo na wanga wa ndengu zilezile tunazochemsha na kula na chapati. Wakorea hutumia wanga wa viazi vitamu, nao huita tambi hizo dangmyeon. Bantul, nchini Indonesia, hutengenezwa tambi za kijivujivu za unga wa muhogo mkavu. Wajapani wana soba ya ngano nyeusi, ambayo naipita haraka kwa sababu nafaka hiyo si ya huku.

Ukitazama orodha hiyo ya unga huku umesimama Kisumu, utashangaa. Mchele unalimwa kilomita chache tu mashariki, kwenye uwanda wa Kano: mradi wa umwagiliaji wa Ahero ulianza miaka ya 1960, ukafuatwa na wa West Kano miaka ya 1970, na magharibi zaidi kuna Bunyala. Mbegu kadhaa zilizopandwa huko kwa miaka mingi ni za jamii ya IR, zilizotoka katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga nchini Ufilipino. Ni mchele mrefu usio na harufu wala mnato, ambao mnunuzi wa pilau huudharau akikimbilia basmati. Kwa tambi, mchele wa aina hiyo ndio unaofaa, maana mchele unaonata hutoa nyuzi zinazoshikana na kukatika. Hata chenga, zile punje zilizovunjika kinuni ambazo huuzwa kwa bei ya chini, hazina hasara, kwa kuwa mchele husagwa kwanza. Viwanda vingi vya Asia hununua chenga kwa makusudi. Viazi vitamu vinatoka Kabondo kwa malori. Muhogo uko Siaya, Busia na Migori. Ndengu zimejaa magunia ya sokoni.

Kuna kitu kingine ambacho hakitajwi kabisa tambi zinapozungumzwa, nacho ni magadi. Tambi za ramen za Japani, na kabla yake tambi za Lanzhou, zina rangi ya manjano na ukakamavu fulani zinapotafunwa. Wengi hudhani ni mayai. Kinachofanya kazi hiyo ni maji ya alkali, yaani sodiamu kaboneti na potasiamu kaboneti, ambayo huikaza gluteni na kuubadilisha unga rangi. Lanzhou, alkali hiyo ilitokana na majivu ya mmea wa jangwani. Mpishi yeyote wa Nyanza au Magharibi atakuwa ameshaelewa naelekea wapi. Magadi tunayotia kwenye apoth na kunde ili zilainike ni chumvi ya sodiamu ya jamii hiyohiyo, iliyochimbwa Ziwa Magadi. Na ile chumvi ya majivu ya Waluhya, musherekha, inayotokana na kuchuja maji kwenye majivu ya maganda ya maharagwe au mimea mingine, ina potasiamu kaboneti. Bibi zetu na wapishi wa Lanzhou walifikia ufundi mmoja bila kuonana. Wao waliupeleka kwenye unga, sisi tukaupeleka kwenye mboga.

Kwa hiyo anayetaka tambi za namna ya ramen Kisumu hana haja ya kungoja mzigo kutoka Osaka. Achukue unga wa ngano wa kawaida nusu kilo, atie alkali isiyozidi kijiko kimoja cha chai katika maji ya kukandia, akande kwa nguvu hadi mkono uchoke, aufunike unga upumzike, asukume kama chapati kisha akate nyembamba. Kijiko hicho kisizidi, la sivyo atakula sabuni. Asiye na muda achemshe spageti nyembamba za kawaida katika maji yaliyotiwa soda ya kuokea, kijiko kimoja kikubwa kwa lita mbili. Zitageuka rangi na kupata utafunaji unaokaribia sana ule wa ramen. Wajapani wengi waishio ughaibuni hufanya hivyo. Wataalamu wa lishe wana malalamiko ya haki juu ya magadi ya jiwe: huharibu baadhi ya vitamini za mboga, huongeza sodiamu, na hubeba floridi, jambo zito katika nchi ambayo sehemu zake nyingi tayari zina maji yenye floridi nyingi. Sibishani nao. Soda ya kuokea ya dukani, ikitandazwa kwenye sinia na kuokwa ovenini kwa moto mdogo kwa muda wa saa moja, hugeuka kuwa kaboneti safi na hufanya kazi hiyo bila mashaka ya jiwe.

Lakini unga ni nusu ya habari. Nusu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi, ni supu. Mtu anayesema tambi hazina ladha anasema kweli: hazikukusudiwa kuwa nayo. Ladha iko kwenye supu, na nyumba nyingi za Japani na Korea hutengeneza supu hiyo kwa visamaki vidogo vilivyokaushwa. Wajapani huviita niboshi, Wakorea myeolchi. Huondolewa kichwa na utumbo ili uchungu utoke, huloweshwa kwenye maji baridi, huchemshwa polepole kwa dakika kumi hivi, kisha huchujwa. Harusini Korea, tambi nyembamba za ngano zilizomwagiwa supu ya namna hiyo ni chakula cha heshima cha kuwatakia maharusi maisha marefu. Sasa nenda Kibuye siku ya Jumapili, utazame vilima vya fedha vilivyomwagwa juu ya magunia. Omena wetu si jamii moja na dagaa wa bahari wa Japani, na huanikwa juani bila kuchemshwa kwanza, hivyo harufu yake ni kali zaidi. Hata hivyo kinachotafutwa kimo. Samaki mkavu ana inosineti, na inosineti ni moja ya vitu vinavyotoa ile ladha nzito ya mchuzi ambayo ulimi huitambua mbali na tamu, chumvi, chachu na uchungu.

Sayansi ya jambo hilo ina miaka zaidi ya mia moja. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, profesa wa kemia jijini Tokyo, aligundua kwamba utamu wa supu ya mwani unatokana na glutameti. Miaka mitano baadaye mwanafunzi wake Shintaro Kodama akaipata inosineti katika samaki mkavu. Baadaye ikabainika kwamba viwili hivyo vikikutana ladha haijumlishwi tu, huzidishwa mara nyingi. Nyanya mbivu ina glutameti kwa wingi. Kwa maneno mengine, mama wa Usenge au Mbita anayekaanga omena na kuwamalizia kwa nyanya na kitunguu anatumia kanuni ileile ambayo migahawa ya Tokyo inaitoza pesa nyingi. Alichobakiza ni kuongeza maji, kuchuja na kuzimwagia tambi. Omena wa kufanyia hivyo wanunuliwe kwa muuzaji anayewaanika kwenye vichanja au nyavu zilizoinuliwa, si juu ya mchanga, kwa sababu chembe za mchanga zinazovumilika kwenye mchuzi mzito hazivumiliki hata kidogo kwenye supu nyepesi. Waoshwe, watolewe vichwa, wakaushwe kidogo kwenye kikaango kisicho na mafuta hadi harufu ya ziwa ipungue. Konzi mbili kwa lita moja zinatosha. Mvua za Aprili zikianza, uvuvi wake hufungwa kwa miezi kadhaa na bei hupanda, kwa hiyo mwenye akili huweka akiba mapema.

Bakuli ambalo naamini lingestahili kuwa la Kisumu linatoka Myanmar, nchi iliyoitwa Burma zamani. Huko mohinga ndicho chakula cha asubuhi cha taifa: tambi nyembamba za mchele ndani ya supu nzito ya kambare. Samaki huchemshwa na mchaichai, tangawizi, kitunguu saumu na manjano. Minofu huchambuliwa na kurudishwa. Supu hufanywa nzito kwa unga wa dengu au mchele uliokaangwa na kusagwa. Juu hukatiwa yai, hukamuliwa ndimu, hunyunyizwa dania na vipande vya bhajia vilivyokauka. Kambare huyo hapa tunamwita mumi, naye hana soko kubwa kama ngege au mbuta. Mchaichai unaota nyuma ya nyumba nyingi na kuishia kwenye birika la chai. Bhajia zinauzwa barabarani. Kinachokosekana ni mchuzi wa samaki uliochachushwa, na hapo omena wachache waliosagwa pamoja na chumvi huziba pengo kwa kiasi cha kuridhisha. Sijui mlo mwingine wa Asia ambao viungo vyake vinalingana hivi na soko letu.

Unga wa dengu unatupeleka kwenye historia ya mji. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo sasa ni Kisumu. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Wengi wao walirudi kwao, lakini wafanyabiashara Wahindi, ambao wengi walikuja kwa nauli zao wenyewe, walifuata njia ya reli na kuvuka hadi Kendu Bay, Homa Bay na visiwani. Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na maduka pande zote za ziwa. Wengine walipewa ardhi Kibos wakalima miwa. Watu hao walikuja na tambi zao. Waislamu walileta tambi nyembamba za ngano zinazokaangwa kwa samli na kupikwa kwa maziwa, sukari, iliki na zabibu siku ya Idi. Wagujarati wakaleta sev, nyuzi za unga wa dengu zinazosukumwa kwenye kibati chenye matundu moja kwa moja hadi kwenye mafuta ya moto. Wanaokula chevda barabarani Oginga Odinga wakifikiri wanakula vitafunio tu wanakula tambi za Asia zilizosukumwa kwa njia inayofanana na ile inayodhaniwa kuwa ya Lajia. Familia za Waislamu Waafrika karibu na Msikiti wa Jamia, uliojengwa mwaka 1919, hazihitaji somo la tambi tamu. Zimekuwa zikizipika vizazi na vizazi, kwa tui la nazi pale nazi ya Pwani inapofika.

Kwa sababu hiyo pingamizi la kwanza ninalolisikia, kwamba tambi ni chakula cha wageni, haliniingii akilini. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, na hilo lilikuwa kutia muhuri jambo lililokuwapo kwa zaidi ya karne. Isitoshe, chapati ilikuja kwa njia hiyohiyo, na hakuna anayeikataa Krismasi kwa kuwa si ya Kijaluo. Mahindi yenyewe yalivuka bahari kutoka Amerika. Kuon, yaani ugali, ya mababu ilikuwa ya mtama na wimbi. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: tambi hazishibishi. Aliyetoka kuvua usiku kucha au kupalilia mpunga tangu alfajiri hatashukuru kupewa bakuli la nyuzi. Ni kweli kwa pakiti ya gramu 70. Si kweli kwa bakuli lenye gramu 120 za tambi kavu, samaki, yai na mboga. Lakini hata Asia tambi si mbadala wa wali katika kila nyumba. Mara nyingi ni mlo wa asubuhi, wa mchana wa haraka, au wa usiku wa manane. Hakuna anayetaka kuiondoa kuon mezani.

Pingamizi la tatu ni la afya, hasa hofu ya kile kiungo cheupe, monosodiamu glutameti. Hofu hiyo ilipata nguvu mwaka 1968, pale daktari mmoja nchini Marekani alipoandika barua katika jarida la tiba akielezea ganzi na mapigo ya moyo baada ya kula kwenye mikahawa ya Kichina, akakisia sababu kadhaa. Moja ya makisio hayo, monosodiamu glutameti, ilishikwa na magazeti na haijaachiliwa tangu hapo, ingawa majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha madhara kwa watu wengi wakila kiasi cha kawaida, na mamlaka za chakula huihesabu kuwa salama. Kinachoshangaza ni kwamba wanaokataa tambi kwa sababu hiyo hutia unga wa mchuzi wa pakiti kwenye sukumawiki kila jioni bila kusoma viungo vyake. Chumvi ndiyo ya kuogopwa, na dawa yake ni rahisi: tupa nusu ya kile kifuko cha ladha, tumia supu ya omena.

Wapo pia watakaolalamika kutoka upande mwingine, kwamba tambi zenye omena na magadi si za Asia tena. Hao waulizwe ramen ni ya nani. Ilikuwa tambi ya Wachina waliohamia bandari za Japani, ikageuzwa ikawa fahari ya Wajapani. Tambi za Hakka zinazoandikwa kwenye menyu za mikahawa ya Kihindi, zenye pilipili na soya, zilizaliwa Kolkata katika jamii ya Wachina wa huko. Kila bandari iliyopokea tambi ilizibadilisha kwa kilichokuwa karibu. Kisumu nayo ni bandari.

Kwa anayetaka kuanza, njia fupi ni kusoma nyuma ya pakiti kabla ya kuangalia picha ya mbele. Kitu cha kwanza kutajwa ndicho unga, na unga hutoa amri ya upishi. Tambi za mchele haziwekwi motoni na kusahauliwa. Hulowekwa kwenye maji ya moto hadi zipindike bila kuvunjika, kisha humalizikia ndani ya supu au kikaango. Za ndengu hulainika kwa maji ya vuguvugu, zikapendeza kwenye saladi ya karoti na kabichi yenye ndimu. Za ngano zinataka maji mengi yanayochemka na kusuuzwa kwa maji baridi ili wanga wa nje utoke. Supamaketi kubwa na maduka ya Wahindi mjini huwa na za mchele na za mayai, ingawa si kila wiki, na siki, soya na unga wa dengu hazikosi. Kwa tambi zisizo na supu, Wuhan nchini China hula za kwao zikiwa zimepakwa lahamu ya simsim. Simsim, nyim kwa Dholuo, ni chakula cha zamani cha huku, na ndugu zetu Waacholi wa Uganda husaga odii, lahamu ya simsim na njugu, bora kuliko ya kopo. Kijiko kimoja cha lahamu hiyo, soya kidogo, kitunguu saumu, pilipili na maji ya moto, vikorogwe: hakuna mchuzi wa haraka zaidi.

Lipo swali la biashara, na hapo inafaa kuwa na tahadhari. Ni rahisi kusema kaunti ijenge kiwanda cha tambi za mchele Ahero, wakulima watajirike. Tambi kavu kutoka Thailand na Vietnam hutengenezwa kwa wingi ambao bei yake haitafikiwa na kiwanda kidogo cha Kano, na wakulima wa Ahero tayari wana vita vyao na gharama ya maji na mchele wa nje. Omena nao wanagombaniwa na viwanda vya chakula cha kuku, vinavyomeza sehemu kubwa ya kinachovuliwa. Kinachowezekana ni kidogo na cha karibu zaidi: tambi mbichi za mchele, zile zisizokaushwa, ambazo haziwezi kusafiri kutoka Bangkok kwa sababu huharibika kwa siku moja au mbili. Kikundi kimoja chenye kinu, sufuria ya mvuke na wateja watano wa uhakika kinaweza kuzitengeneza kwa chenga asubuhi na kuzimaliza kabla ya jioni. Miji mingi ya Asia hulishwa hivyo mpaka leo.

Wateja hao watano wanaweza kupatikana kwenye vibanda vya samaki vya Dunga na vya ufuo mzima hadi Homa Bay. Ombi langu kwao ni dogo. Samaki wa kukaanga na wa mchuzi wabaki palepale walipo, maana ndio wanaoleta watu. Ila Jumamosi moja, kabla ya saa nne asubuhi, wakati meza ziko tupu na mumi wa usiku bado hajauzwa, wekeni sufuria moja ya supu yake yenye mchaichai na unga wa dengu, na bakuli la tambi za mchele kando. Toeni kwa bei ya chai na mandazi mawili, muone nani atarudi wiki inayofuata.